Mikono Iliyomshinda Profesa

Historia ya chuo kile cha sanaa cha Ulaya niliijua kuliko wageni walioifuata. Kwa wiki kadhaa nililinda mlango wa ghala moja huko Ras Al Khor, Dubai, lililopakwa rangi nyeupe likaitwa jumba la maonyesho ya chuo hicho, huku nyuma ya ukuta mafundi wakigonga bampa za magari. Kila alasiri profesa mzee wa chuo aliwatembeza wageni akirudia yale yale: mfalme aliyekianzisha, wanafunzi walionakili sanamu za plasta kabla ya kuruhusiwa kumchora binadamu, na wanawake waliofungiwa mlango vizazi na vizazi. "Mambo yalikuwa hivyo siku hizo," alisema akicheka, na wageni wakacheka naye. Mimi sikucheka. Chuo kilichochukua vizazi kugundua kwamba mwanamke naye ana macho, kinajisifia kuona nini?

Mimi mwenyewe ni mchoraji. Kabla ya kuja Dubai nilikuwa nikichora vibao vya vinyozi na bucha mjini kwetu, Kenya. Kule ng'ombe wako akifanana na mbuzi, mtaa mzima unakucheka.

Siku moja profesa alitaka kuonyesha jinsi chuo kinavyofundisha kuchora mtu, lakini mtu aliyekodiwa kukaa achorwe hakufika. Akanitazama juu hadi chini kama anayechagua viazi sokoni, kisha akamwambia msimamizi wangu, "Huyu atafaa."

"Dada, kaa tu," msimamizi, Mtanzania mpole, akaninong'oneza. "Nusu saa, halafu khalas, imekwisha."

Nusu saa ikawa masaa mawili. Profesa alininyooshea fimbo usoni, akiwafafanulia wageni taya langu kana kwamba sisikii. Shingo iliponiuma nikaigeuza kidogo.

"Tulia!" akasema.

Yeye na wageni waliokuwa wakichora naye walipomaliza, nikazunguka kutazama michoro. Nilikuwa nimevaa sare yenye kola na redio begani, lakini wageni watatu walikuwa wamenivisha shanga. Profesa alikuwa ameupata uso, sikatai. Ila mikono yangu alikuwa ameizamisha kwenye wingu la makaa ya kuchorea. Hila hiyo naijua. Ni ya mchoraji mvivu.

"Mikono imekushinda, sir?"

"Nimeiacha makusudi. Haina umuhimu."

Nikachukua kipande cha makaa, na pale pale kwenye karatasi yake, pembeni, nikauchora mkono wake ulioshika fimbo: mishipa, pete, ukucha uliopasuka. Mama mmoja mgeni akasema kwa sauti, "Ni wake kabisa!"

Profesa akauliza nimesomea wapi.

"Kwenye bucha."

Akadhani natania. Akawageukia wageni na kuanza kuwahubiria habari za vipaji vya asili, vinavyochipuka bila mwalimu. Mimi nilifundishwa na shangazi yangu miaka minne, tena kwa makofi.

Asubuhi yake karatasi ile ilikuwa imetundikwa ukutani, uso wangu na mkono wake, na sahihi moja tu chini: ya profesa.

"Dada, achana nao," msimamizi akanisihi. "Watakuhamisha."

Nikachukua kalamu ya daftari la zamu, nikaandika jina langu lote chini ya ule mkono.

Profesa aliliona. Kuanzia siku hiyo ziara yake ikawa inauruka ukuta ule, na wiki iliyofuata nikahamishiwa lango la maegesho huko Satwa. Nilikwenda nikiwa na furaha. Huko watu hunisalimu.