Sheria ya Kwanza na ya Thelathini na Moja

Mimi na kaka yangu tulikuwa na mchezo wetu wa karata pale kwa bibi, kijijini Samuye. Kila aliyeshinda aliandika sheria mpya kwenye daftari la shule. Ya kwanza niliiandika mimi: sheria zikigongana, ya zamani ndiyo inashika. Ya tano ilisema tukibishana, bibi ataamua. Ya thelathini na moja aliiandika kaka huku akicheka: zikigongana, mpya ndiyo inashika. Nami nikacheka. Mjinga mimi.

Mjomba alipopiga simu kutoka Geita kwamba kwenye duara lake, yaani shimo wanalochimba dhahabu, kuna nafasi ya mtu mmoja, tulikubaliana karata ziamue. Mshindi aende, mwingine abaki na bibi na ng'ombe wake. Nilitaka kwenda kuliko kitu chochote.

Nilimalizia na shupaza. Kwa sheria moja ya zamani ya daftari letu, anayemalizia na karata yoyote ameshinda. Kwa nyingine, ya juzi tu, anayemalizia na shupaza anachota mbili. Kaka akanisukumia karata mbili, na zamu yake ilipofika akamaliza yeye. Nikang'ang'ania sheria ya kwanza, yeye akang'ang'ania ya thelathini na moja. Kila moja ilijipa ushindi yenyewe.

Tukamfuata bibi, aliyekuwa anaanika michembe, vipande vya viazi vitamu. Hajui kusoma. Kaka alikuwa amesogea pembeni kuongea na mjomba kwenye simu, kwa hiyo daftari nilimsomea mimi, neno kwa neno, hata ile sheria iliyonimaliza. Ningeweza kuiruka. Sikuiruka, maana bibi huniita mume wake, na niliamini hawezi kunidhulumu.

"Mpya inashika," akasema, wala hakuinua kichwa.

Kesho yake kaka akapanda basi. Nilirudi nyumbani kutoka kituoni nikiwa nimevimba kwa hasira.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu."

"Kwa nini mpya?"

"Kaka yako kumtuma maji mpaka mgombane. Wewe ukitumwa unaenda."

"Kwa hiyo sheria hukuziangalia kabisa?"

"Hiyo mpya ingekupa ushindi wewe, ningesema ya zamani inashika."

Kisha akaninyooshea ndoo nikakamue. Nilijichukia, nikaipokea.