Jozi Iliyochelewa Kutoka Ziwani

Tangu nistaafu ualimu, kila mwaka nasimamia mashindano ya karata ya wawili wawili katika darasa moja la shule hapa Likombe. Hatuchezei fedha. Mshindi hupewa sufuria, na mwaka ninaousimulia hapa zilikuwa mbili kubwa zenye vifuniko, moja kwa kila mwenza.

Sheria ya kuchelewa niliitunga mwenyewe na kuiandika ubaoni: robo saa ya kwanza ni msamaha, ikipita mnakatwa pointi mbili, nusu saa ikipita raundi imekwenda kwa wapinzani. Niliitunga kwa aibu. Mwaka uliotangulia mtu mmoja mwenye cheo alichelewa nikamsubiri huku namtengea kiti. Raundi iliyofuata wavuvi wawili wa Mikindani walichelewa kurudi kutoka kuswali, nami nikawaondoa. Mmoja wao aliniambia kwa upole, "Mwalimu, saa yako ina macho." Maneno yale niliyabeba mwaka mzima.

Basi Jumamosi ya mashindano jozi saba zilikuwa zimekaa, wavuvi wale wakiwemo. Iliyokosekana ni ya nane, mzee na mkewe kutoka Ziwani, ambao kila mtu aliwapenda kwa sababu walikuwa wakigombana mchezo mzima na bado wanashinda. Mvua ilikuwa imepiga asubuhi. Dakika kumi zikapita, kisha ishirini. Wapinzani wao wakaanza kuniangalia mimi badala ya mlango.

Waliingia dakika ya ishirini na tano, wameloa chapachapa, bibi ameshika viatu mkononi.

"Shikamoo, Mwalimu," bibi alisema, ingawa tunakaribiana umri. "Tumechelewa."

"Marahaba. Kuna nini?"

Mzee akataka kunyamaza, lakini mkewe hakumpa nafasi. Walikuwa wamekwisha panda bodaboda mvua ilipoanza. Walipopita uani kwa jirani yao wakaona korosho zake zimeanikwa, na nyumbani hakuna mtu. Wakashuka, wakakunja mikeka, wakaingiza korosho zote barazani.

Jirani mwenyewe alikuwa meza ya tatu, ameshika karata! Alikuwa ametangulia alfajiri na mkwewe. Alisimama hadi kiti kikaanguka.

"Korosho zangu?"

"Zimepona," mzee alisema. "Labda debe moja limelowa."

Jirani akanigeukia. "Mwalimu, hawa huwezi kuwakata. Nikate mimi."

Darasa zima likasema ndiyo, ndiyo. Nami moyo wangu ulisema hivyo hivyo. Lakini niliwatazama wale wavuvi. Walikuwa wakisubiri tu. Nao mwaka ule walikuwa na sababu njema, tena ya ibada, na mimi hata sikuwauliza. Nikianza kupima sababu leo, kesho nitapima sura.

"Pointi mbili zinakatwa," nikasema. "Raundi yenu mtacheza kamili. Sisi wengine tutawasubiri, na chai italetwa sasa hivi badala ya baadaye."

Jirani alilalamika. Bibi ndiye aliyemkalisha. "Shemeji, kaa. Tulijua tunakatwa tangu tulipokunja mkeka wa kwanza. Mwalimu, kata, tuanze."

Mvuvi mmoja akavua koti lake akampa mzee. Nilihisi nimeshushiwa mzigo.

Halafu wakacheza, nawaambia! Bibi alitupa turufu kama anayepiga kofi meza, mzee akimgombeza, "Mbona mapema?" na kila mara ilikuwa wakati wake hasa. Waliwafunga wapinzani wa kwanza, wakamfunga na jirani, ambaye alicheka akifungwa hadi akafuta machozi. Hadi jioni walikuwa wamepoteza raundi moja tu, mbele ya wavuvi.

Nikajumlisha mara tatu, nikiogopa kukosea. Wavuvi walikuwa wa kwanza, wamewazidi wazee wale kwa pointi moja.

Niliposoma matokeo watu wote waliwageukia wazee. Bibi akasimama, akajifunga kanga vizuri kiunoni.

"Sikilizeni," alisema. "Sisi ndio wa kwanza. Tumechelewa tu!"

Vicheko vilitikisa madirisha. Wavuvi walimpa sufuria moja, akaikataa, wakamlazimisha, akaikubali kwa sharti kwamba kifuniko kibaki kwao.