Zita Hayuko Dar

Kama uliwahi kulazwa Moshi na mwenzi wako ni mwanachama wa klabu yetu, basi ulimwona Rogath akiingia wodini na hotipoti ya mtori, ule mchuzi mzito wa ndizi na nyama. Klabu yetu ni ya huduma: tunajenga vyoo vya shule, tunagawa viti vya magurudumu. Rogath ndiye aliyetusuta kwamba tunawajua wagonjwa wa watu ilhali wenyewe kwa wenyewe hatujuani. Akaanzisha utaratibu wa kutembeleana kifamilia, na mwenye mgonjwa asiachwe peke yake. Huo mtori aliupika mkewe, Zita, mwanamke mcheshi na mwongeaji. Yeye na Doris, mke wa katibu wetu Fabian, wakikutana chai hupoa.

Halafu Zita akapata kiharusi. Mdomo ukapinda, mkono wa kulia ukalegea, maneno yakawa yanatoka moja moja, mazito. Ungedhani Rogath angekuwa wa kwanza kutuambia. Wapi! Alisimama kikaoni akatangaza kwamba Zita yuko Dar kwa mtoto wao Davis, analea mjukuu, nasi tukampigia makofi. Davis aliagizwa anyamaze. Simu ya Zita ikazimwa, ati apumzike.

Rogath aliona aibu, basi. Mchagga wa umri wake, aliyezoea kuletewa chakula mezani, sasa alikuwa anamwogesha mke, anapika, anakata majani ya ng'ombe na kuyabeba kichwani, kazi aliyoiita ya wanawake tangu ujana wake. Alijiambia anamsitiri Zita. Uongo mtupu, alikuwa anajisitiri mwenyewe. Mtu aliyezoea kubeba hotipoti hakutaka kuonekana akibebewa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Huyu hakusubiri kifo, aliumbuka mapema.

Jumamosi moja Doris alifika kwa Rogath, mtaa wa Rau, na mkungu wa ndizi mshare, zile za mtori, akagonga geti. Rogath alilifungua kidogo tu, majani yamemganda shatini.

"Shemeji, hizi umtumie Mama Davis kwa basi. Huko Dar ndizi zenyewe wanazokula sijui ni za nini."

"Atashukuru sana."

"Anarudi lini jamani? Nimemkumbuka mpaka namwota."

Ndani, Zita aliitambua sauti ile. Kuita hakuweza. Akashika kijiko kwa mkono wa kushoto, akagonga kikombe cha bati, akagonga tena, akaendelea kugonga.

"Nani huyo?" Doris akauliza.

"Ndama," Rogath akasema. "Anapiga ndoo mateke."

Dirisha lilikuwa wazi. Kugonga kukakoma.

Doris alipoondoka, Rogath aliingia na bakuli la mtori. Zita alikuwa amegeukia ukutani. Alimbembeleza kwa Kiswahili, akambembeleza kwa Kichagga, kijiko kikagota kwenye midomo iliyofungwa. Aibu ya kubeba majani ilikuwa mchezo tu. Hii ndiyo aibu yenyewe. Alikuwa amemwita mkewe ndama, na mkewe amesikia.

Kwetu mlimani, aliyekosa kosa zito hukata jani la isale, mmea tunaoupanda kuzunguka ua, akalituma kuomba msamaha. Ukiletewa isale huwezi kukataa kusikiliza. Ila mkosaji halipeleki mwenyewe. Ni lazima apate mtu wa kulibeba, na mtu huyo aambiwe kosa lote, bila kupunguza. Rogath alizunguka ua wake jioni ile akitafuta namna ya kuikwepa desturi hiyo. Hakuipata.

Kesho yake, baada ya misa, akaenda kwa Fabian. Alikataa kiti, akanyoosha jani la isale.

"Shemeji Doris, naomba unibebee hili."

"Kwa nani?"

"Kwa Zita."

Doris akacheka. "Mpaka Dar?"

"Hayuko Dar. Yuko nyumbani, amepooza upande mmoja. Hakwenda popote." Akatazama chini. "Na jana, yule hakuwa ndama."

Fabian aliniambia hajawahi kuona uso wa mtu mzima ukiporomoka kama wa mkewe wakati ule. Doris alilichukua jani, akajifunga khanga, akatoka bila kumsubiri Rogath.

Rogath alipofika kwake, Doris alikuwa ameshaingia. Hakuthubutu kumfuata. Alisimama getini mpaka Doris alipotoka, macho mekundu.

"Amelipokea," Doris akasema. "Lakini usiingie kwanza. Anataka kunieleza yote yeye mwenyewe, bila wewe kumsemea."

Akarudi ndani, akafunga mlango. Rogath akakaa chini nje ya geti lake mwenyewe. Vijana waliopita walimpa shikamoo, akaitikia bila kuinua macho. Zita ana ulimi mzito siku hizi, na alikuwa na mengi ya kusema.