Mwalimu Anayeacha Chaki Nje ya Uzio

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, ukungu bado umelala juu ya vilima vya Butembo. Mwalimu Kavuo Hulda anasimama mbele ya uzio wa matete, anaingiza mkono mfukoni, anatoa vipande viwili vya chaki na kuviweka juu ya jiwe.

Nyuma yake wamepanga mstari wanafunzi kumi na wawili wa kidato cha tano. Nao wanakung'uta mifuko. Hakuna glavu, hakuna chupa, hakuna daftari. Mmoja amesahau kalamu ya wino shatini, na msichana aliye mbele yake anageuka kumtolea macho mpaka anaitoa.

Ndani ya uzio, mama mmoja mwenye kitenge kilichofungwa juu ya sweta amechuchumaa kati ya majiko mawili. Anawatazama kwa muda mrefu bila kusalimu. Kisha anaanza kupima makala, yaani makaa ya kupikia, kwa mizani aliyoazima sokoni kwa mwuza samaki. Mizani ya shule ameikataa.

Huyu ni Mama Emérence, mwenye umri wa miaka 58, mpishi wa maharage na fufu kwa wapagazi wa soko. Asubuhi hii ndiye atakayeamua kama Mwalimu Hulda ataendelea kufundisha sayansi mitaani au atarudi kuichora ubaoni.

Hulda, 37, ni mwalimu wa fizikia na kemia katika shule moja ya sekondari hapa mjini. Ni mwembamba, anaongea polepole, na ana tabia ya kujibu swali kwa swali. Ukiwa mwandishi wa habari utachoka naye mapema.

Niseme wazi kwamba nilimwendea nikiwa na mashaka. Katika kazi hii nimeona miradi mingi ya mazingira ambayo kibao chake kilikuwa kikubwa kuliko kazi yake. Nilipofika shuleni kwake, kitu cha kwanza nilichotafuta ni kibao. Sikukiona. Nikauliza ni shirika gani linalomlipa. Akaniuliza mimi nalipwa na nani.

Baadaye alinijibu. Halipwi na shirika lolote. Ni miaka minane sasa anafundisha bila jina lake kuingia kwenye orodha ya mishahara ya serikali. Anaishi kwa mchango wa wazazi, dola sitini hivi kwa mwezi, tena katika miezi ambayo wazazi wameweza. Sikumwamini, nikaenda kuwauliza walimu wenzake wawili, kila mmoja peke yake. Wote wawili walitaja kiasi hicho hicho, na mmoja akacheka kwamba yeye anapata pungufu.

Alizaliwa Mutwanga, chini ya Rwenzori. Anasimulia kwamba utotoni alikuwa akilala huku akisikia maji yakishuka kutoka mlimani, na asubuhi anatumwa kuokota kuni. Hakuelewa kwa nini maji yanayofanya kazi usiku kucha hayawezi kuivisha maharage. Alimuuliza mwalimu wake, akaambiwa akae chini.

"Njo maana mimi sipende kuambia mutoto akae chini," anasema.

Darasani kwake, somo la joto haliko katika mchoro. Wanafunzi wanapima. Wanahesabu magunia ya makala yanayoingia kwa pikipiki kutoka misitu ya magharibi. Wanauliza wapishi gunia linadumu siku ngapi. Wamefinyanga majiko ya udongo uliochanganywa na majivu na vumbi la mbao, wakayalinganisha na babula, jiko la bati ambalo kila nyumba hapa inalo.

Na matokeo waliyopata yalikuwa ya kushangaza. Jiko lao lilikula nusu ya makala. Nusu kamili. Kwa mji ambao watu wake wanakwenda kukata miti mahali ambapo wengine hawakurudi, nusu si jambo la mchezo. Hulda alitaka kujua kama itakuwa hivyo hivyo majumbani, na hapo ndipo alipofanya kosa.

Ilikuwa wiki saba zilizopita. Aliwatuma wanafunzi katika avenyu moja ya wakimbizi waliotoka Mangina, Mabalako na vijiji vya Beni, wapime matumizi ya makala katika nyumba arobaini na moja. Kabla hawajatoka aliwapa onyo moja, lililotokana na akili ya mtu aliyekulia hapa: wasiandike jina la mtu.

"Kwetu huku, karatasi yenye majina ya batu iko mambo ya hatari," anaeleza. "Mutu anakutana nayo mufukoni mwako, anakuuliza hii liste ni ya nini. Njo nikasema, mupatie kila nyumba namba. Sikufikiria mulango."

Wanafunzi walizipa nyumba namba. Ili wasizichanganye siku ya pili, walitoa chaki za shule wakaziandika namba hizo milangoni. Moja, mbili, tatu, hadi arobaini na moja. Kwa mwandiko mzuri, kama walivyofundishwa.

Msomaji wa mbali anaweza kucheka. Wa hapa hatacheka.

Mama Emérence alirudi sokoni jioni ile akakuta mlangoni kwake namba 17. Mwaka 2018 alikuwa Mangina. Ebola ilipoingia, timu zilizokuwa zikifuatilia jamaa za wagonjwa ziliandika namba kwa chaki mlangoni kwake. Siku ya tatu mumewe alipandishwa gari kwenda kituo cha matibabu, na hakumwona tena ila kwa mbali, ndani ya mfuko. Hasemi kwamba timu zile zilikosea. Anasema tu kwamba anaijua chaki.

Miaka miwili baadaye alikimbia Mangina kwa sababu ya mauaji mashambani, akiwa na wajukuu wawili na sufuria moja. Kwa majirani zake wengi namba zile zilikuwa na maana hiyo ya pili: kwamba kuna watu wamepita mchana kuchagua nyumba watakazozirudia.

Usiku ule familia tisa zililala parokiani. Mama Emérence hakwenda. Alichukua majivu na maji akasugua mlango mpaka rangi ikatoka, akakaa nyuma yake na panga magotini hadi kulipokucha.

Jumatatu vijana wenye fimbo walikuwa kwenye lango la shule. Hulda alitoka akasimama mbele yao, akasema wanafunzi wametumwa na yeye, hivyo wamshike yeye. Malachie, shefu wa avenyu, yaani mkuu wa mtaa ule, ndiye aliyewatuliza. Lakini alilichukua daftari la vipimo akaondoka nalo. Mkuu wa shule naye akafunga somo la nje: kuanzia siku hiyo, joto lifundishwe ubaoni.

Msichana aliyeandika namba 17 anaitwa Joyeuse, miaka kumi na saba. Ndiye aliyemkodolea macho mwenzake mwenye kalamu. Ananiambia kwamba kwa wiki mbili alikuwa akizunguka njia ya mbali ili asipite avenyu ile. Mama yake mwenyewe alimuuliza ni nani aliyempa zile chaki, na alipojibu kwamba ni mwalimu, mama akauliza mwalimu alizipata wapi, kana kwamba naye alitumwa.

Hulda hakuomba msamaha mara moja tu. Alikwenda nyumba kwa nyumba, zote arobaini na moja, peke yake, mikono mitupu. Nyumba sita hazikumfungulia. Kwa Mama Emérence alikwenda mara nne akaongea na matete.

Mara ya tano mama alimjibu akiwa ndani. Alisema kwamba kama jiko lile linakula nusu kweli, alilete aliache hapo nje, atapima mwenyewe, kwa mizani anayoiamini, kwa macho yake, na asiingie mtu. Shefu Malachie alipopata habari akaona njia ya kutokea. Akatangaza kwamba siku Mama Emérence atakapofungua uzio wake, somo litarudi. Asipofungua, basi. Mkuu wa shule akakubali.

Ndiyo maana Jumamosi hii tuko hapa, tumepoa miguu, tunachungulia kupitia matete.

Mama Emérence anafanya kazi bila haraka. Sufuria mbili za ukubwa mmoja. Kilo moja ya maharage kila moja, kutoka gunia moja. Anapima maji kwa kikombe kile kile. Kisha anafanya jambo ambalo linamfanya Hulda ainue kichwa: anafunika sufuria zote mbili.

Bila kugeuka, anamuuliza mwalimu kupitia uzio.

"Kule ku shule, sufuria ya ku babula, mulifunikaka?"

Hulda anawatazama wanafunzi. Wanafunzi wanatazamana. Joyeuse ndiye anayejibu, kwa sauti ndogo, kwamba hapana. Walifunika ile ya jiko la udongo tu, kwa sababu ndiyo iliyokuwa na mfuniko wake.

"Donc hamukupima babula," anasema Mama Emérence. "Mulipima mufuniko."

Mvulana mmoja anachezea ncha ya kiatu chake. Hulda anafumba macho kidogo, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hajibu swali kwa swali. Anasema kwa Kinande, wasingya, asante. Kisha anawageukia wanafunzi na kuwaeleza kwamba wapishi wameishi na jambo hilo maisha yao yote, ila yeye aliyesomea joto chuoni hakuliona.

Nami nakiri kwamba hapo mashaka yangu yalirudi kwa nguvu. Nusu ile nilikuwa nimeshaiandika kwenye daftari langu, nimeipigia mstari. Ingechapwa hivyo hivyo. Kama mama huyu angekuwa mtu wa kuamini upesi, mimi, mwalimu na mkuu wa shule tungeitangaza mji mzima.

Maharage yanachukua muda wake. Jua linapanda, ukungu unaondoka, pikipiki zinaanza kupiga honi. Majirani wanakuja mmoja mmoja kusimama karibu nasi, wengine wakiuliza kwa nong'ono kama sisi ni watu wa chanjo. Shefu Malachie anafika na daftari la vipimo kwapani, limefungwa kwa kamba. Anakataa kuketi.

Wakati tunasubiri, Hulda anawafundisha pale pale barabarani, bila ubao. Anawauliza moshi wa babula ya nyumba ya pili unaelekea wapi na kwa nini. Anawauliza mlango wa nyumba ukifungwa usiku na jiko likiwa ndani, nini kinamwua mtu aliyelala. Wanajibu vizuri kuliko nilivyotarajia. Jirani mmoja mwenye mtoto mgongoni anasogea hatua mbili, anasikiliza jibu la swali la mwisho, kisha anauliza jiko likae wapi basi, kama nje mvua inanyesha. Hulda anawaambia wanafunzi walikariri swali hilo.

Saa nne kasorobo Mama Emérence anaonja maharage ya sufuria zote mbili. Anaminya punje kwa vidole, anatikisa kichwa, anaongeza dakika kumi kwa jiko la udongo. Kisha anazima, anasubiri makala yaliyobaki yapoe, anayapima. Anapima mara ya pili. Anamwita jirani wa kushoto aje asome mizani, na hamwambii yeye amesoma nini.

Babula imekula gramu mia tisa na hamsini. Jiko la udongo limekula mia saba.

Si nusu. Kilichookolewa ni zaidi kidogo ya robo. Hulda anaitamka hesabu hiyo mwenyewe kabla hajaulizwa, kwa sauti ya kusikika hadi nyuma, na anaongeza kwamba namba ya shule ilikuwa ya uongo ingawa hakuna aliyekusudia kudanganya. Mmoja wa majirani anaguna. Mwingine anasema robo ya gunia nayo ni ya kutosha kununua sabuni na chumvi.

Shefu Malachie anakohoa. Anamuuliza Mama Emérence, mbele ya watu wote, kama anafungua au hafungui.

Mama anajifuta mikono kwenye kitenge. Anatazama chaki mbili zilizoko juu ya jiwe, zimelowa umande. Anamtazama mwalimu, kisha wanafunzi, mmoja baada ya mwingine.

"Miye bado siamini," anasema. "Leo haikunyesha. Makala ya leo ni makavu. Jumamosi ingine, kama mvua iko, tutapima tena."

Shefu anauliza tena, kwa upole safari hii, kama hiyo ni ndiyo au ni hapana. Mama anamjibu kwamba amesema tutapima. Hakusema nitapima.

Kisha anavuta ufito wa uzio pembeni, kiasi cha kupita mtu mmoja mwembamba. Anamwambia shefu amkabidhi daftari lile. Analifungua, anafunua kurasa hadi ukurasa mtupu, na kumwita yule msichana mwenye mwandiko mzuri. Anajua ni nani. Nadhani amejua siku zote.

Joyeuse anaingia. Anachuchumaa kati ya majiko mawili, anaazima kalamu kwa shefu.

Hulda, ambaye bado yuko nje, ananiambia mpango wake huku akiangalia mlemle ndani. Anataka kila nyumba ya avenyu iwe na daftari lake, liandikwe na mwenye nyumba na lilale kwa mwenye nyumba. Wanafunzi watakuja kusoma tu, kama watakaribishwa. Anataka kupima jiko wakati wa mvua, na jiko la wale wanaopika ndani. Ana haja ya mizani tatu. Hajui atazipata wapi, na hakuniomba niandike.

Ndani, Joyeuse amemaliza kuandika gramu. Anauliza, bila kuinua uso, aweke hitimisho gani.

Mwalimu anajibu kutoka nje ya uzio.

"Andika vile mama amesema."

Joyeuse anaandika. Mama Emérence anainama juu ya bega lake, anafuata herufi kwa kidole, polepole, hadi mwisho wa mstari: mwenye nyumba bado haamini, tutapima tena. Anasoma mara ya pili. Halafu anachukua sahani, anaijaza maharage ya jiko la udongo, na kumpa msichana ale.