Mwanamke Aliyehama na Kikombe Chake

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, asikiaye la siri na la wazi, naye juu ya kuyajua yote akatusitiri. Namshukuru kwa uzee huu, na kwa mwanamke mmoja ambaye ningependa mumjue.

Siku ile nilikuwa Korogwe, nimekaa kwenye benchi la mama ntilie nikisubiri gari la kurudi Handeni. Simu ikaita. Alikuwa kaka yangu, yuko Sindeni. Masikio yangu yamechoka, kwa hiyo simu huiweka spika, nami hujibu kwa sauti ya mwadhini. Jambo lenyewe lilikuwa zito. Binti yangu wa mwisho alikuwa ameposwa na kijana wa Ngombezi, na wakwe wangekuja wiki ifuatayo kumaliza maneno. Kaka aliuliza kama tutawaambia kwamba binti ana kifafa.

Nikawatazama watu wa benchi lile. Kwa mazungumzo yao nikajua ni Wasambaa. Basi nikaacha Kiswahili, nikaingia kwenye Kizigua, nikajiona nimefunga mlango na komeo. Humo nikasema yote: alivyoanza kuanguka akiwa darasa la tatu, vidonge anavyomeza hadi leo, na kwamba ingefaa tunyamaze mpaka ndoa ifungwe.

Kosa hilo ni letu Wazigua. Kizigua na Kisambaa vimenyonya ziwa moja, na mimi nimekwenda misiba mingi ya Wasambaa nikawaelewa vizuri tu. Sijui kwa nini nilidhani wao hawanielewi mimi.

Pembeni yangu alikuwa mwanamke wa rika langu, miwani yake imefungwa uzi mweusi. Nilipokuwa katikati ya maneno aliinuka na kikombe chake cha chai, akaenda kusimama juani peke yake. Nilipokata simu akarudi kukaa.

"Mzee mwenzangu," akasema, "simu yako ina mdomo mkubwa."

"Imemrithi mwenyewe, mama," nikamjibu. Tukacheka. Gari likaja, nikaondoka.

Wiki ifuatayo wakwe wakafika. Kina mama walipovua viatu mlangoni, nikaiona miwani ile yenye uzi. Alikuwa shangazi wa bwana harusi. Akanisalimu kwa heshima kama mtu ambaye hajawahi kuniona, akakaa mkekani, akamsifia binti yangu mapishi. Nilimwangalia muda wote. Hakumnong'oneza mtu.

Wakati wa kunawa nikachukua birika mwenyewe, nikammiminia maji.

"Siku ile ulisikia," nikamwambia.

"Nilisikia kabla sijasimama. Nyumba yenyewe sikuijua, hadi leo nilipoisikia sauti yako uani."

"Wenzako umewaambia?"

"Kwani habari ni yangu?" Akakung'uta mikono. "Ni yenu, kaka. Ila kijana wetu asije akaikuta ndani kama nyoka kwenye kuni."

Tangu chuo cha Kurani nilifundishwa kwamba maneno ya kikao ni amana. Nimewafundisha wengine hivyo hivyo kwa miaka mingi. Siku hiyo nilimwona mtu ameibeba amana yenyewe, tena ya mtu ambaye hakumwomba aibebe.

Nikaenda jikoni kwa binti yangu. Nikamwomba radhi, kwanza kwa kuitoa siri yake barabarani, pili kwa kutaka kuificha pasipostahili. Akafuta mikono kwenye kanga.

"Waambie, baba. Bora wasikie kwetu."

Nikarudi barazani, nikasema mbele ya wote. Baba wa kijana akauliza, "Dawa anatumia?"

"Anatumia, na muda mrefu hajaanguka."

Akamgeukia mwanawe. Kijana akasema yeye hakuja kuposa vidonge. Shangazi ndiye aliyecheka kwanza, kisha akasogeza sinia katikati.

Leo binti yangu yuko Ngombezi na watoto wawili. Akinipigia, natoka hadi nyuma ya zizi, nabana simu sikioni, na nisiposikia namwomba arudie. Shangazi yule akisikia hilo hunitania: "Mbuzi wako sasa wanajua mambo mengi, mzee."

Nawe uliyesoma haya, Mola akusitiri aibu zako, akuwekee watu waaminifu jirani na kila neno litakalokuponyoka, na akujaalie uwe mmoja wao. Amina.