Chang'aa Kwenye Tangi la Kinu

Baba yangu aliokoka kabla sijazaliwa, na pombe hajaionja hata ya harusini. Ndiyo maana niliduwaa asubuhi aliyoingia kwenye kinu chetu cha posho pale Munyaka na mtungi wa chang'aa, ameufunika kwa koti.

Bei ya dizeli ilikuwa imepanda tena. Kinu cha stima kilikuwa kimefunguliwa kando ya barabara, na wateja wetu walikuwa wakihamia huko mmoja mmoja. Baba alisikia redioni kwamba ng'ambo magari yanakunywa pombe ya miwa, akaamua kuichanganya na dizeli nusu kwa nusu. Injini ile kuukuu ndiyo iliyotulisha na kutusomesha, na hakuwa na riziki nyingine.

Nilimsihi amuulize fundi kwanza.

"Fundi ataniambia nini na yeye ni mlevi?"

Hasira zilinipanda. Mlevi yeyote wa mtaa wetu angemwambia kwamba chang'aa ile ilikuwa nusu maji. Lakini mzee wa kanisa kama Baba ataulizia mambo ya chang'aa wapi? Alirudisha mlango, akauombea mtungi, akamimina.

Injini ilinguruma, na akina mama wawili waliokuwa wakingoja wakachangamka. Halafu ikaanza kukohoa. Chang'aa ilikuwa imejitenga na dizeli na kuzama chini ya tangi, na injini huvuta kutoka huko chini. Ikazima. Tulimwaga yote, tukatia dizeli safi, isiwake. Mwishowe nikamwita fundi mwenyewe. Alifungua pampu, akanusa, akairudishia, kisha akanivuta kando.

"Dada, pampu imeharibika kabisa. Na injini kama hii, spea zake hakuna siku hizi. Utamwambia Mzee polepole."

Nimwambie vipi? Wale akina mama walikuwa wameshajitwisha mahindi yao.

"Tutarudi, Mzee," walisema kwa heshima, wakashika njia ya kinu cha stima.

Baba alikuwa amekunja mikono ya shati, jasho linamtoka, ameegemea injini. Huniita mama kwa kuwa nimepewa jina la mama yake.

"Mama, njoo unisaidie kuzungusha. Mkono umechoka."

Nilishika hendeli. Nilizungusha mpaka bega likaniuma, na kila nilipotulia alinitazama kwa matumaini.

"Bado kidogo tu. Itashika."

Nami nikainama tena, nikazungusha.