Daktari aliivisha miti ya hagar hereni, broker akavuna kiangazi kizima

Wakuu, salaam aleikum kwa wa salaam, na habari kwa wa habari.

Nitakayosema hapa ni ya kweli. Chumvi nikiongeza ni ile ya kuonja tu. Nilikuwa nimenyamaza, lakini juzi nimemwona yule jamaa sokoni na miwani mpya, anacheka meno yote nje, na hasira ikanipanda mpaka kofia ikahama kichwani.

Nianze na ujinga wangu ndio muelewe.

Kuna kiangazi kimoja niliamini, kwa moyo wangu wote, kwamba jani la mti likipelekwa lab, mti mzima unahamia ndani ya computer huko ng'ambo. Sisi tunabaki na kivuli. Na ukithubutu kuokota utomvu wa hicho kivuli, kengele inalia bandarini Mombasa, halafu askari wanakungoja pale barrier ya Isiolo na gunia lako mgongoni.

Msicheke. Mimi ni mtu wa Form Four. Nilimaliza masomo ya jioni Isiolo mjini nikiwa na ndevu kushinda mwalimu. Deoxyribonucleic acid naweza kuitamka nikiwa usingizini, na mke wangu ni shahidi.

Sasa mambo yenyewe.

Mimi ni Mmeru, nina duka Kinna, na kwa sababu ya hiyo Form Four wananiita Mwalimu. Jirani yangu ni Mama Halkano, mjane wa Kiborana. Kila kiangazi huvuka lugga, ule mto mkavu, na kuingia porini kuokota hagar.

Kwa wasiojua, hagar ni utomvu wa mti fulani mfupi ambao gome lake hubanduka kama karatasi. Wafugaji huuchanganya na maji wakapaka ngamia kuua kupe. Ule mwingine unanunuliwa, unaenda nchi za nje kutengenezwa marashi.

Miti hiyo haina title deed. Huku kwetu, anayeokota mahali kila kiangazi, hapo ni pake. Akikosa kuonekana, watu wanasema amepaacha, na mwingine anaingia. Mama Halkano ameokota hapo tangu aolewe. Ndiyo shamba lake, ndiyo mshahara wake.

Basi mvua ikanyesha, akaja daktari wa mimea kutoka chuo fulani. Dada mdogo, kofia yake kubwa ingeweza kufunika ng'ombe wawili.

Alikuja wakati wa mvua kwa sababu alitaka majani. Kiangazi miti hiyo inapukutika yote, na hagar ana ndugu yake wa porini anayefanana naye mpaka mbuzi anasimama kufikiria. Wanunuzi walikuwa wanalalamika kwamba utomvu umechanganywa. Kwa hivyo daktari alitaka kutumia genetic markers, yaani vipande vya DNA ambavyo hutofautiana kutoka mti hadi mti. Ukivilinganisha unajua nani ni ndugu wa karibu, nani ni wa mbali, na nani wamezaana kichinichini.

Kwenye baraza alieleza hayo yote haraka haraka, nusu Kiswahili nusu Kizungu. Watu wakapiga makofi. Hakuna aliyeelewa.

Akachukua majani machache kwa kila mti, akayatia kwa vifuko vyenye punje za kunyonya maji. Halafu, kabla aondoke kwa mti, anafunga kibati kidogo cha kung'aa chenye namba.

Hapo ndipo mambo yaliharibika, wakuu!

Nyinyi wa mjini mnaweza msione shida. Lakini huku, kibati chenye namba kinakaa kwa sikio la mbuzi. Tunakiita hereni. Na mbuzi mwenye hereni ana mwenyewe, humgusi. Sasa miti ya watu imeamka asubuhi imevaa hereni, na aliyeivisha amepanda Land Cruiser akaenda zake.

Kiangazi kikafika. Akaja broker wa hagar, mtu tunamwita Mizani kwa sababu hatembei bila mizani begani. Akaketi kwa baraza ya duka langu, kwa chai yangu, akamwambia Mama Halkano:

"Mama, achana na ile miti. DNA yake imechukuliwa. Iko kwa computer sasa. Ukiokota pale ni wizi."

Mama Halkano akacheka. "Mti itaenda wapi? Asubuhi nimeiona, imesimama."

"Umeona kivuli."

Akanigeukia mimi. "Mwalimu, si wewe ndio ulisoma usiku? Huyu anasema ukweli?"

Nikasema ni kweli. Wakuu, kengele ya Mombasa ilikuwa ya Mizani. Askari wa barrier niliongeza mimi.

Mama Halkano akasema, "Mimi sijaiba kitu ya mtu tangu nizaliwe. Hata kivuli sitaiba."

Akakaa nyumbani. Kiangazi kizima anasuka mikeka, anavuta zile nyuzi kama anamnyonga mtu.

Siku moja punda wangu akapotea, nikavuka lugga kumtafuta. Nikasikia watu wanaimba. Kufika, vijana wa Mizani wako kwa miti ya hereni, magunia yamejaa. Yeye Mizani amening'iniza ile mizani yake kwa tawi la Mama Halkano, anapima bila wasiwasi.

"Mizani! Na kengele?"

"Kengele ni ya wasio na kibali, Mwalimu."

"Chako kiko wapi?"

"Kiko njiani."

"Hapa ni pa Mama Halkano!"

"Palikuwa pake. Si amepaacha? Leo wazee wanakaa, nitawaomba wanipe mimi."

Niligeuka mbio kurudi dukani. Punda nikamsahau (alirudi mwenyewe, ana akili kunishinda).

Kufika dukani, nakuta yule daktari amerudi kuangalia miti ikiwa haina majani. Anafungua soda. Sikumsalimia.

"Dada, rudisha miti ya watu!"

"Miti gani?"

"Ile ulipeleka kwa computer!"

Alicheka mpaka soda ikampalia. Lakini nilipomweleza kuhusu mikeka ya Mama Halkano, kicheko kikaisha. Akaiacha soda hapo juu ya meza. "Hao wazee wako wapi?"

Walikuwa nje ya msikiti, wametoka kuswali alasiri. Mizani alikuwa ameshafika, anaongea kwa adabu kama bwana harusi. Mama Halkano ameketi kando. Alijua neno moja tu la wazee lingemfanya mgeni kwa miti yake.

Daktari akaomba ruhusa, akaongea. Hakuchukua muda.

Mzee mmoja akamuuliza Mizani, "Kibali chako kiko wapi?"

"Kiko njiani, mzee."

"Basi kifuate huko."

Wakaamua Mama Halkano hakupaacha, alifukuzwa kwa uongo, na mahali ni pake. Hakungoja hata chai. Alibeba debe lake akavuka lugga, mimi nyuma yake.

Tulikuta nini? Kiangazi kinaisha, miti imekombwa yote. Na wale vijana hawakuokota tu, walikatakata gome kwa panga ili utomvu utoke kwa nguvu. Mama Halkano akapitisha kiganja kwenye kidonda cha mti mmoja. "Wamekata kama wanachinja," akasema. Akaokota matone yaliyobaki, debe halikufika hata robo.

Mizani hakurudisha chochote. Polisi walisema hayo ni mambo ya wazee, wazee wakasema wameshamaliza. Ndiyo maana nikiona ile miwani natamani kuitafuna.

Na daktari pia nina neno naye. Kazi yake ilitoka safi: miti mingi ya Mama Halkano ni hagar kamili, na michache ya ukingoni mwa lugga imezaana na yule ndugu, kama binamu zangu fulani ambao sitawataja. Sawa. Lakini huwezi kumfungia mtu kitu kwa mti wake, umweleze kwa dakika mbili, halafu upotee mpaka kiangazi!

Nilichojifunza: mtu akikutisha na sayansi, kwanza angalia amebeba nini begani. Halafu mtafute mwenye sayansi yenyewe, umuulize bila aibu, hata kama una cheti.

Waliowahi kuliwa na broker kwa Kizungu kikubwa, semeni hapa chini. Wa kunicheka pia karibuni, pangeni foleni.

Nawaachia maneno ya daktari pale msikitini, vile aliyasema:

"Wazee, nilichukua majani tu. Kibati ni namba, ili nikirudi nijue ni mti gani. DNA inanionyesha mti huu ni ndugu wa nani. Haisemi ni mali ya nani. Hayo mnayajua nyinyi."